Nyapara Aliyesahau Kuuliza

Kwenye machimbo ya upande wetu, ukimwita mtu nyapara hujamsifu. Ni neno la jela na la mashamba ya zamani, neno lenye fimbo ndani yake. Msimamizi wetu tulimpa jina hilo kwa kumkejeli, siku ya kwanza alipokuja kutusimamia akiwa amevaa koti la suti lililochanika kwapani. Jina likabaki hata kejeli ilipokwisha. Hakulipenda, wala hakulikataa. Alisema kazini mtu hachagui anavyoitwa, anachagua anavyoitika.

Nilifika kwenye duara lile nikitokea Runzewe, ambako nilikuwa nauza vocha. Kabla ya vocha nilikuwa utingo wa lori, na kabla ya hapo nilichunga ng'ombe wa watu. Shule niliiacha mapema, na siwezi kusingizia umaskini peke yake: niliona nje ya dirisha kuna mambo mengi kuliko ubaoni. Sikuwahi kukaa kazi moja zaidi ya miezi minne. Pale nilikaa miaka mitatu. Wanaonijua huuliza kama dhahabu ilikuwa nyingi. Haikuwa nyingi. Lilikuwa duara la kawaida nje kidogo ya Katoro, shimo la mraba lililozungushiwa magogo, winchi ya mkono juu yake, na chini watu kumi na mbili wakigonga mwamba kwa nyundo na tindo. Kilichonikalisha ni yule mtu, na ilinichukua muda mrefu kujua ni kitu gani chake hasa.

Hakuwa mtu wa kupendeza. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya pua, na alitembea mikono nyuma kama mtu anayekagua makaburi. Vichekesho havikumwingia haraka; ungemwambia kitu asubuhi akacheka wakati wa ugali. Kila siku kabla hatujashuka alishuka yeye kwanza, peke yake, akagonga matimba yote, magogo yanayoshikilia kuta za shimo, kwa kisigino cha shoka, moja moja, akisikiliza. Tulimsubiri juu tukipiga miayo. Akitoka, hakusema "shukeni." Alisema, "Mimi nimetoka."

Kitu chake kilikuwa swali moja. Jambo likiharibika, aligeuza ndoo, akaikalia, akakuangalia usoni na kusema, "Ilikuwaje?" Kisha akanyamaza. Alikuwa na kipaji cha kunyamaza. Ungeanza na uongo, ukauona unakwama kooni kwa sababu hakuna aliyekukatiza, ukarudi nyuma ukaanza upya na ukweli.

Nakumbuka siku Shija alipounguza pampu ya maji. Shija alikuwa mchimbaji hodari na mdomo wake ulikuwa hodari zaidi. Kwenye maduara mengine niliyowahi kupita, ukiunguza pampu unafukuzwa kabla haijapoa.

"Nyapara, pampu imekufa," Shija akasema.

"Maiti nimeiona. Nauliza ilikuwaje."

Shija akaeleza. Maji yalikuwa na mchanga tangu juzi. Alimwambia Nyapara juzi hiyohiyo, na Nyapara alimjibu "tutaona." Leo alipoona inaanza kunguruma alisema aimalizie ndoo mbili tatu, ikazimika.

Nyapara akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema mbele yetu wote, "Hapo kwenye 'tutaona' ndipo ilipofia. Wewe umeizika tu. Utamsaidia fundi mpaka iwake, na mimi nitamweleza mwenye duara kwamba niliambiwa."

Shija alishinda juani siku mbili akishika spana za fundi. Jioni ya pili aliniambia, "Afadhali angenitukana. Matusi ningeyasahau." Tangu siku hiyo pampu ile ilikuwa kama mwanawe. Aliifunika kwa koti lake mvua ikinyesha, na mtu akiigusa kwa mikono ya tope alimfokea.

Kulikuwa na kona chini kule, upande wa mashariki, ambako maji yalidondoka shingoni kutwa nzima. Kila duara lina kona kama hiyo, na desturi ya machimbo ni kwamba mgeni ndiye anapewa, mpaka aje mgeni mwingine. Nyapara aliikataa desturi hiyo. Kila Jumatatu alitia vijiwe kwenye kofia, kimoja kikiwa na alama ya mkaa, na kila mtu alichota chake. Yeye alichota pia. Mara ya kwanza kilipomwangukia tulidhani ataanza maneno. Alivua koti la suti, akalikunja, akampa mkewe aliyekuwa akitupikia, akashuka. Alifanya kazi vibaya sana. Alikuwa mchimbaji mbovu kuliko sisi sote. Tindo ilimteleza, alijigonga kidole, na mawe aliyoyatoa wiki ile yangeingia kwenye sufuria. Lakini sikumsikia mtu yeyote akilalamikia kona ile tena, hata mimi ambaye hulalamika kama njia ya kupitisha muda.

Upekuzi ulikuwa jambo jingine. Mwenye duara, ambaye tulimwita Bosi na ambaye alikuja kwa gari mara moja kwa wiki, alitaka kila anayepanda apekuliwe: nywele, mdomo, viatu, kama mbuzi mnadani. Nyapara hakubishana naye. Alisema sawa, kisha akapanda yeye wa kwanza, akanyoosha mikono na kumwita mtu aliyekuwa karibu ampekue. Siku ile alikuwa Shija.

"Nyapara, hapa kwapani pana shimo. Huenda dhahabu imepitia humu ikaenda zake."

"Tafuta vizuri. Ukiipata tugawane."

Hicho ndicho kichekesho pekee nilichomsikia akikitoa kwa wakati wake. Kuanzia hapo tulipekuliwa kila siku na hakuna aliyejisikia mbuzi.

Sasa nisije nikamfanya malaika. Mkewe, Mama Kulwa, angenicheka. Siku moja tunakula ugali na mlenda pembeni ya jiko lake, Shija akamsifu Nyapara kwamba anamsikiliza kila mtu. Mama Kulwa akasimama na mwiko wake.

"Anawasikiliza nyie. Mimi nilijua tunahamia machimboni siku ambayo gari la kubeba vyombo lilikuwa limeshawasili mlangoni. Nilikuwa nafua! Nimepanda gari na nguo mbichi kwenye beseni." Akamgeukia mumewe. "Baba Kulwa, ilikuwaje?"

Nyapara akatafuta kofia yake, akaiona iko kichwani, akaondoka.

Alikuwa na kiburi pia, cha aina ya ajabu. Kosa la pampu aliweza kulibeba hadharani, lakini ukimwambia mvua itanyesha na yeye amesema hainyeshi, hakukusemesha kutwa. Aliwabeza waganga, akasema mwamba haujui Kisukuma, na kila mwezi tulimwona akimwaga unga wa mtama mdomoni mwa shimo akidhani tumelala. Hakunywa pombe hata tone, ila aliwajua walevi wote wa Katoro kwa majina ya mama zao. Na kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye mbele yake sauti yake ya pua ilipungua: Bosi. Akija Bosi, Nyapara alisimama wima, akajibu kabla hajaulizwa. Niliona hilo mapema, nikalipuuza.

Mtu wa winchi alikuwa Masanja, kijana kutoka kijiji kimoja mbele ya Kahama, mfupi, mikono kama mizizi. Ukiwa shimoni, mtu wa winchi ndiye Mungu wako mdogo: anakushusha, anakupandisha, na akipiga chafya vibaya umekwisha. Masanja hakuzungumza akiwa kazini. Alisema kamba inamsemesha na si adabu kumkatiza.

Masika ya mwaka wangu wa pili, Jumapili moja, mvua ilishuka ghafla mchana. Jumapili hatukufanya kazi. Nyapara alikuwa kanisani na wengine walikuwa Katoro kwenye mambo yao. Mimi nilikuwa nimelala kibandani, nikaamka nikakuta maji yanatiririka kuelekea mdomo wa shimo, na Masanja peke yake na jembe anachimba mtaro wa kuyakwepesha, shati lake la Jumapili bado lina mistari ya pasi. Nikashika jembe la pili. Akaja Shija, akaja mwingine. Nyapara alipofika mbio, suruali ameikunja magotini na Biblia ameifunga kwenye mfuko wa nailoni, alitukuta tisa.

"Nani amewaita?" akauliza.

"Maji," Masanja akajibu, bila kuinua kichwa.

Duara la jirani lilikuwa hatua hamsini kutoka letu. Watu wake walikuwa wamejikinga chini ya turubai wakiyaangalia maji yakiingia shimoni mwao. Nikawapigia kelele wachimbe nao. Mmoja akajibu, "Duara si letu." Alikuwa na haki. Hata la kwetu halikuwa letu. Nimeifikiria siku hiyo mara nyingi kuliko siku zote za maisha yangu, maana hatukulipwa zaidi yao. Kwao na kwetu mgawo wa mawe ulikuwa uleule.

Nimelizungukia jambo la Masanja kwa sababu nami nimo.

Mbali na kugonga mwamba, kazi yangu ilikuwa kufunga mifuko ya mawe ikishapandishwa. Mifuko yote ya machimbo inafanana, kwa hiyo kila duara lina rangi yake ya kitambaa cha kufungia, ili trekta likipakia kwenda karasha, mashine inayosaga mawe kuwa unga, mifuko isichanganyike. Sisi tulikuwa kijani, jirani walikuwa bluu. Siku hiyo vitambaa vya kijani viliniishia, ikabaki mifuko sita. Kilichokuwapo mkononi ni kitambaa cha bluu nilichokuwa nimekiokota njiani. Nikakichanachana, nikafunga kwa hicho, nikajiambia nitabadilisha kesho. Kesho yake alfajiri nikasikia kuna mtu Katoro ameleta karasha ya aina mpya isiyo na mipira ya chuma ndani. Nikaenda kuiona inavyofanya kazi. Nilikaa siku tatu.

Nyuma yangu trekta la jirani lilikuja, likaona bluu, likabeba mifuko sita. Bosi akaja, akakuta pengo. Aliyelinda rundo la mawe siku ile alikuwa Masanja. Asubuhi hiyohiyo maji yalikuwa yameingia shimoni, Nyapara hakuwa amekula, na Bosi alisimama mbele yake akipiga kelele kwamba ana wezi na analea wezi. Haya nilisimuliwa na Shija, ambaye hakuongeza chumvi, na kwa Shija hilo ni jambo zito.

Nyapara hakugeuza ndoo. Alisema, "Masanja, chukua nguo zako."

Masanja akaiachia winchi polepole, akaifunga komeo. "Hutaniuliza?"

"Nenda."

Ndivyo ilivyokwisha. Neno la mwizi lilitoka mdomoni mwa Bosi, lakini aliyemwondoa alikuwa Nyapara, mdomoni mwa shimo, watu kumi na moja wakiangalia.

Niliporudi nikasikia hayo yote. Nikaenda moja kwa moja kwa Nyapara. Nakiri ningekuwa kwenye duara jingine ningepitiliza nikapanda pikipiki ya kwanza ya kwenda kokote. Pale sikuwaza kukimbia, nilijua nitaulizwa. Akauliza, nikasema yote, kitambaa, karasha mpya, siku tatu. Akavua kofia akaishika magotini.

Tulikwenda kwa jirani. Mifuko ilikuwapo, haijasagwa. Msimamizi wao akacheka mpaka akakaa chini. "Tuliona imezidi sita, tukasema Mungu naye ana siku zake."

Jioni Nyapara akatukusanya, akasema mifuko imepatikana na Masanja hakuiba. Tukasema, "Sawa, Nyapara." Akadhani imekwisha.

Hakuna aliyegoma. Laiti tungegoma. Tulikuja kwa wakati, tukashuka, tukagonga, tukapanda. Alichosema tulifanya, asichosema hatukufanya. Pampu iliachwa mvuani. Nyimbo zilikatika chini kule, tukawa tunasikia nyundo tu. Vijiwe vya kona tulichota kimya, na anayekosa bahati alinuna. Mtu mpya wa winchi alikuwa mzuri, lakini hatukumzoea. Nyapara naye alizidi kuwa mwema, jambo lililotuudhi zaidi. Alianza kuuliza "ilikuwaje" hata pale ambapo hakuna kilichokuwa.

Halafu ikawa habari ya kamba. Asubuhi moja akikagua, aliinama kwenye winchi akakaa ameinama muda mrefu. Kamba ilikuwa imelika karibu na ndoano, nyuzi zake zimesimama kama manyoya ya paka. Mchana uliotangulia ilikuwa imewapandisha watu kumi na mbili.

Akatuita. "Nani ameiona hii?"

Wote tulikuwa tumeiona. Mimi nilikuwa nimeiona kwa siku mbili, na nilishuka kwayo.

"Shija?"

"Tuliiona," Shija akasema.

"Kwa nini hamkusema?"

"Hukutuuliza."

Hakulisema kwa hasira. Nyapara alipokea neno lile kama mtu aliyepigwa jiwe na mtoto wake. Akaikata kamba kwa shoka mwenyewe, akasema leo hakuna kushuka, akaniashiria mimi. "Vaa viatu. Tunakwenda kwao."

Tulipanda basi mpaka Kahama, kisha pikipiki mbili mpaka kijijini. Tulisimama kwenye kituo cha mafuta. "Watu kumi na mbili," akasema. "Wangekufa kwa sababu sikuuliza swali moja."

Masanja alikuwa shambani. Tulipokelewa na mama yake, bibi mwenye umbo dogo na macho makali, akiwa ameanika michembe ya viazi vitamu juu ya mwamba.

"Mwangaluka, mayu," Nyapara akamsalimu.

Bibi akaitikia, akatupa viti na maji, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Nyapara akaeleza yeye ni nani. Bibi akaendelea kugeuza michembe.

"Kumbe ndiye wewe," akasema. "Mwanangu alikwenda Runzewe kuomba kazi. Walimwambia, 'Wewe ndiye yule wa mifuko sita.' Akaenda Katoro kwenyewe, wakamwambia hivyohivyo. Sasa analima mihogo. Si kazi mbaya. Lakini haongei, na mimi nimeishi na mwanangu aliyekuwa anaimba."

Masanja alirudi na jembe begani. Alitusalimu. Kwa Nyapara alisema shikamoo kama anavyopaswa, na Nyapara akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Kisha akaeleza, kijani, bluu, mimi. Nami nikasema langu. Masanja alisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama.

"Rudi kazini," Nyapara akasema. "Winchi ni yako."

"Winchi siitaki."

"Unataka nini?"

Masanja akashusha jembe. "Maneno yalisemwa mdomoni mwa shimo. Bosi alikuwapo, watu walikuwapo. Yakatolewe palepale, mbele ya walewale. Hapa kwa mama yangu hayanisaidii. Mama anajua sikuiba."

Ndilo lilikuwa jambo gumu. Watu tungesimama. Lakini Bosi? Nyapara alimpigia simu tukiwa bado njiani, nikasikia sauti ya upande wa pili hata nikiwa kwenye pikipiki nyingine: "Mimi nikamwombe radhi mtu wa winchi?"

"Usiombe, Bosi. Simama tu. Nitasema mimi."

Sauti ikapanda. Nyapara akasubiri. Nilimwona mgongoni anavyonyooka, lakini safari hii haikuwa ya woga. "Basi tafuta msimamizi mwingine," akasema, "na umwambie akague kamba kwanza," akakata simu. Alikuwa na watoto wanne na hakuwa na shamba.

Bosi alikuja, maana msimamizi mwingine hakuwa naye bado. Hakushuka garini, alishusha kioo. Masanja alisimama pale alipokuwa amesimama siku ile, karibu na winchi. Watu wa duara la jirani nao walikuja, na wachenjuaji wa dhahabu, na waendesha pikipiki, maana habari ya mtu mkubwa kujishusha haihitaji tangazo. Nyapara alivua kofia.

"Huyu bwana hakuiba," akasema kwa sauti ile ya pua iliyofika mpaka barabarani. "Mimi nilimfukuza bila kumuuliza. Alinikumbusha nimuulize, nikakataa. Popote mtakaposikia habari ya mifuko sita, semeni mwizi hakuwapo. Alikuwapo nyapara mwenye haraka."

Tukamwangalia Masanja.

"Nimesikia," akasema. Akatushika mikono wote, mmoja mmoja, na Nyapara akiwa wa mwisho.

"Sasa utarudi?" Nyapara akamuuliza.

"Hapana. Bado nina hasira. Siwezi kushika kamba nikiwa na hasira, upande wa pili kuna mtu." Akapanda pikipiki akaenda.

Asubuhi iliyofuata, Nyapara alipotoka kukagua, Shija alimwendea. Timba la tatu lina ufa. Mwingine akasema feni ya hewa inakohoa. Mwingine, ngazi. Mwingine, taa. Zilifika kasoro kumi na moja kabla ya chai, na Nyapara akakaa kwenye ndoo akishika kichwa. "Mnataka kuniua," akasema. Hata hivyo tulimwona alivyofurahi. Mchana kule chini mtu akaanza wimbo.

Bosi hakusahau. Haikupita miezi mitano akaleta mpwa wake awe msimamizi, na Nyapara akaambiwa ampe funguo za ghala. Alizitoa. Alimpeleka yule mpwa shimoni, akamwonyesha kila timba na sauti yake, kama mtu anayekabidhi watoto. Sisi hatukupanga lolote. Wiki ya kwanza alipotea Shija, wiki ya pili wawili, na mwezi haujaisha nami nilikuwa Geita mjini nikijifunza kuchomelea vyuma. Nilisikia baadaye kwamba duara lilijaa maji siku ya mapumziko na hakuna aliyekuja.

Ikapita miaka. Mavuno yaliyopita nilikuwa Kahama, nimeletwa kuchomelea mlango wa ghala kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Nikasikia sauti ya pua. Alikuwa amezeeka, mgongo umepinda kidogo, anasimamia vijana wanaopakia magunia ya mchele kwenye malori. Nilimwamkia, akanitazama sana, akaitikia, kisha akasema, "Wewe wa bluu." Tulicheka, yeye kwa kuchelewa kama kawaida. Mama Kulwa hajambo, alisema. Safari hii mama ndiye aliyechagua waishi wapi, na amechagua mbali na kazi.

Sikuwa na haja ya kuuliza habari za Masanja. Alikuwa pale, juu ya ubao wa kupandia lori, gunia begani, nywele zimeanza mvi.

"Alikuja msimu uliopita," Nyapara akasema. "Akauliza nafasi ipo? Nikasema ipo. Hakuna kingine tulichosema."

Nilimsubiri Masanja wakati wa chai. Nilimwomba radhi tena kwa ile bluu. Akaipungia mkono kama nzi. Nikamuuliza kama amemsamehe mzee.

"Nani amekwambia nimemsamehe?" Akapuliza chai yake. "Nimezunguka, ndugu yangu. Nimefanya kazi Runzewe, nimefanya kazi Shinyanga kwenye pamba. Wengine walikuwa watu wema sana, lakini ukikosea kwao unajua unaondoka leo. Mambo ya kusamehe nitayafikiria. Huku nimekuja kazini."

Hatukuimaliza chai. Lori la mwisho lilikuwa linasubiri, wakarudi kupakia, na Masanja alipofika katikati ya ubao, gunia likamponyoka, likapasuka, mchele mweupe ukamwagika vumbini. Karani wa mashine akatoka ofisini akipiga kelele, huyu afukuzwe, huyu alikuwa anapiga soga sasa hivi nimemwona. Dereva akapiga honi. Wapakiaji wakasimama walipokuwa, magunia mabegani, wakimwangalia Nyapara.

Yeye akatazama huku na huku, akaona debe tupu, akaligeuza, akakaa mbele ya Masanja.

"Ilikuwaje?"

Masanja akajifuta uso kwa shati. Akamtazama karani, akamtazama dereva, kisha akateremka kwenye ubao taratibu, akachagua gunia zima, akakaa juu yake.

"Leo niliamka saa kumi na moja," akaanza. "Mtoto alikuwa anakohoa. Nikatafuta kandambili, moja nikaiona, ya pili sikuiona..."

Mtu mmoja akacheka. Karani akaita jina la Nyapara kwa ukali, na honi ikalia tena, ndefu. Nyapara aliinua mkono mmoja nyuma yake bila kugeuka.

"Endelea," alisema. "Kandambili ya pili hukuiona. Halafu?"